Nyuma ya Kioo

3 Februari

Kwako Kifungo,

Nakusalimu, mwanangu, wewe na mkwe wangu. Watu hawachoki kuniambia nikupigie simu. Wanasahau kwamba masikio yangu niliyaacha kiwandani, kwenye kelele za zile cherehani, na kwamba herufi za kwenye simu naziona kama sisimizi waliochokozwa. Basi ni karatasi, kama siku zote, na kondakta wa basi ameahidi kuifikisha hadi mapokezi ya hospitali yenu.

Huku tupo. Mama yako mdogo amehamishia kuku wake uani kwangu. Anasema wanapiga kelele mno. Mimi hawanisumbui.

Kitu kimoja tu kinanikera, jino. La chini, kushoto, nyuma kabisa. Maumivu yenyewe ni mazito, kama mtu ameniegemea taya. Juzi napandisha mlima wa kutoka sokoni na kikapu changu, likanishika hadi nikakaa kibarazani kwa fundi saa. Baadaye likaacha lenyewe. Naona aibu kumwandikia daktari mkubwa wa moyo habari za jino, lakini nimekuzaa mwenyewe, sitapanga foleni.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti. Mmegombana? Au unanificha kitu?

Mama yako

*

11 Februari

Mama mpendwa,

Hatujagombana. Mkwe wako ni mzima na anapika vizuri kuliko mimi, kama unavyopenda kuwatangazia watu. Nimechoka tu na kazi.

Jino lisukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na likiendelea nenda kwa daktari wa meno, usiogope. Mwambie una shinikizo la damu kabla hajakuchoma sindano.

Kazi ni ileile. Unakumbuka nilipoanza, uliwaambia majirani kuwa mwanao ni fundi bomba wa moyo? Nilinuna wiki nzima. Siku hizi wagonjwa wakiniuliza nitawafanya nini, nawajibu hivyohivyo, na wanaelewa. Wiki iliyopita aliletwa dereva wa lori, kijivu kama majivu, jasho linamtiririka, anamwomba nesi amwambie mke wake pahali alipoficha funguo. Mshipa mkuu wa mbele ulikuwa umeziba kabisa. Ulipofunguliwa, rangi ilimrudia usoni tukimwangalia, kama mtu aliyewashiwa taa ndani. Miaka yote hii, bado jambo hilo linanitoa machozi, na bado kila mara kabla ya kuanza naingiwa na woga. Mzee Taratibu, yule mkuu wangu, anasema siku woga ukiisha nitafute kazi nyingine.

Siku hizi nakaa zaidi nyuma ya kioo, kwenye chumba cha kuelekezea. Vijana wanafanya, mimi naangalia picha na kuwaambia. Mgongo pia umenichosha na ile aproni nzito ya risasi. Risasi ya madini, Mama, si ya bunduki. Usije ukawaambia watu tunapigana vita.

Nitaandika vizuri zaidi nikipata nguvu.

Kifungo

*

24 Februari

Kwako Kifungo,

Jino limeng'olewa. Daktari wa meno ni kijana mwenye mikono kama koleo, ameling'oa huku akiniimbia, nadhani, maana midomo ilikuwa ikicheza. Alilitazama jino kwenye mwanga akakunja uso, akaniandikia kwenye karatasi: "Mama, mbona hili ni zima?" Nikamwambia lililokuwa likiniuma nalijua mimi.

Sasa sikia kituko. Maumivu yamerudi palepale, penye shimo! Nadhani yamehamia jino la jirani. Lakini hili jipya lina adabu, linauma nikipanda mlima tu, au nikibeba ndoo. Nikikaa linanyamaza. Jumapili lilikuja na jasho la baridi, mkono wa kushoto ukawa mzito kama si wangu, mama yako mdogo akanipepea kwa kanga. Nimemwambia ni ganzi ya daktari bado haijaisha.

Hujanijibu nilichokuuliza. Fundi anayekaa nyuma ya kioo anashona nini? Kuna jambo. Mimi ni kiziwi, si kipofu.

Mama yako

*

27 Februari

Mama,

Hilo si jino. Halijawahi kuwa jino.

Ni moyo wako. Mshipa mmoja umeanza kuziba, na moyo ukikosa damu wakati wa kupanda mlima, maumivu yanakwenda kwenye taya. Kwa wengine hayaji kifuani kabisa, hasa wanawake. Ningesomewa maneno yako na mgonjwa yeyote ningeruka kitini. Nimeyasoma kwako nikakuambia maji ya chumvi.

Tafadhali fanya haya. Usipande mlima. Usibebe ndoo wala kikapu. Mama Mdogo akupeleke zahanati LEO, nimempigia simu daktari wa pale, atakupa aspirini na kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi. Kisha mpande basi la asubuhi mje huku. Yakija maumivu umekaa tu, bila kazi yoyote, usinisubiri mimi, ita gari.

Damu imenikauka, Mama. Njoo.

Kifungo

*

1 Machi

Kwako mwanangu,

Zahanati nimekwenda. Vidonge ninavyo. Huko kwenu siji.

Usinikasirikie. Fundi viatu wa hapa kona, unamjua, aliingia kwenye chumba kama hicho chako. Aliingia anatembea, akatoka amefunikwa shuka. Mke wake anasema walimwambia ni kawaida, ni nusu saa tu. Tangu niliposoma barua yako sijala vizuri. Nikilala najishika kifua kuhakikisha. Nimeshona tangu msichana, najua uzi unavyoweza kukatika ndani ya kitambaa na usione chochote juu. Sasa mtu anipitishie waya moyoni, nikiwa macho, na nisisikie hata anachosema?

Nitakuja kwa sharti moja. Anayeshika huo waya awe wewe. Si mkuu wako, si kijana. Mkono nitakaoukubali ni ule niliousomesha. Niandikie kwamba ni wewe, nami napanda basi.

Mama

*

3 Machi

Mama,

Nikueleze kila kitu, maana kisichojulikana ndicho kinachotisha.

Hatupasui kifua. Tunaingilia hapa kwenye kifundo cha mkono, ganzi kidogo, kama kuumwa na mdudu chungu. Mrija mwembamba unapita ndani ya mshipa hadi moyoni, na ndani ya mshipa hakuna hisia, hutausikia. Tunamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, tunaona palipobana. Waya mwembamba kuliko uzi wako wa kutarizia unapita hapo, puto dogo linapanua, kisha tunaacha kijibomba cha wavu, stenti, kiushikilie mshipa usijifunge tena. Kuna hatari. Sitakudanganya. Lakini kukaa hivyo ulivyo ni hatari zaidi.

Atakayefanya ni Mzee Taratibu. Ndiye aliyenifundisha. Madaktari hatutibu watu wetu wa damu, ni utaratibu, mikono inatetemeka. Mimi nitakuwa hapohapo, nyuma ya kioo, utaniona. Nitakuandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi kila atakachosema.

Nakuomba. Sina mama wa akiba.

Kifungo

*

8 Machi, wodini

(Karatasi hizi tuliandikiana kitandani. Mama haruhusu kitu kitupwe, amezitunza zote. K.)

Nimekuja, umeona. Mama yako mdogo alinifungashia nguo kama nahamia. Sasa nieleze, kwa nini unasimama mlangoni? Hujanikumbatia sawasawa. Unajikunja kama una jipu.

Nimechoka, Mama. Kesho saa tatu ndiyo zamu yako. Usile chochote asubuhi.

Nesi wa hapa anaongea kwa midomo inayosomeka vizuri. Nimemwuliza kama kweli madaktari hawatibu ndugu zao. Amesema ulimtibu shemeji yako mwaka juzi, na ulimtibu mwalimu wako wa shule.

Hao si mama yangu.

Kwa hiyo mimi nimeharibika kiasi kwamba umeogopa kunigusa. Sema ukweli. Moyo wangu umekwisha, si ndiyo? Umempa mzee ili nikifa isiwe mkononi mwako.

Mama, hapana. Wallahi hapana.

Basi naomba nguo zangu. Narudi nyumbani. Nikafie kitandani kwangu, kuku wakinitazama.

Subiri. Usivae viatu. Isome hii mpaka mwisho, na usipige kelele, wagonjwa wamelala.

Nina mimba. Mwezi wa tatu huu. Chumba kile kina mionzi, ndiyo maana siingii. Kwa aproni mbili wengine huingia na hawapati shida, na hata mimi nimeshawaambia wenzangu hivyo, nimewaonyesha takwimu. Lakini zile mbili zilizotangulia zilivyotoka, Mama, sina takwimu ya kunituliza. Sikukuambia kwa sababu kila nilipokuambia ulifurahi sana, halafu nikalazimika kukuandikia ile barua nyingine. Sikutaka kuiandika mara ya tatu. Ni mkwe wako tu na Mzee Taratibu wanaojua.

Njoo hapa.

Mama, usilie. Kipimo cha moyo kinapiga kengele.

Kipige. Sikia sasa, wewe mtoto. Mzee wako na afanye. Hata akifanya kwa miguu, sawa. Lakini wewe usikanyage chumba kile. Nikizimia, nikifa, uwe upande wa pili wa kioo. Niapie.

Naapa.

Andika yote.

Naapa sitaingia chumbani, hata itokee nini.

*

10 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Dada yako yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua utaisoma barua hii umesimama. Kaa sasa.

Nilikuahidi kukueleza kwa maandishi, kwenye simu jana nilishindwa. Naomba haya yabaki kwako. Utaona kwa nini.

Jana asubuhi aliingizwa, amefunikwa shuka ya kijani hadi kidevuni, mkono wa kulia umenyooshwa. Yule daktari kijana anayemsaidia Mzee Taratibu alikuwa amelazwa na malaria, kwa hiyo Mzee alikuwa na nesi tu. Si jambo la ajabu, tumefanya hivyo mara nyingi. Mimi nilisimama nyuma ya kioo na karatasi zangu. VUTA PUMZI. IZUIE. ACHIA. Kila nilipoinua karatasi Mama alinikonyeza. Tulipouona mshipa nilimshukuru Mungu kwamba Mama amekuja. Palikuwa pamebaki upenyo wa unywele.

Waya ukapita vizuri. Puto likapanua. Likatolewa. Mzee akamwaga dawa tuone, na kwenye skrini nikaona kitu ambacho nimekiona kwa wagonjwa wengine na nisingemwombea hata adui. Ukuta wa ndani wa mshipa ulikuwa umechanika na kujikunja, kama bitana ya koti iliyofumuka, ukaziba njia yote. Dawa ilifika pale ikasimama. Hakuna kilichopita chini.

Mama akafungua mdomo. Niliona uchungu ukimpanda usoni, na yeye bado ananitazama mimi, anasubiri karatasi.

Halafu mapigo yakavurugika, mstari kwenye skrini ukawa kama mtoto amechorachora, macho yake yakapinduka. Nesi akaruka kumkandamiza kifua. Mzee alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. Waya ule ukitoka, njia imepotea, huipati tena. Alihitaji mtu wa kumpandishia stenti juu yake. Hakuwa na mkono wa tatu. Aligeuka akanitazama kupitia kioo, akatingisha kichwa. Alikuwa ananiambia nisiingie.

Mama Mdogo, sikufikiri. Ningependa kukuambia nilipima hiki na kile. Nilivaa aproni mbili, moja juu ya nyingine, nikasukuma mlango.

"Nimekuambia usiingie!" Mzee akafoka. Sijawahi kumsikia akifoka.

"Nipe upande wa nyuma wa waya."

"Mtoto wako—"

"Nipe waya, Mzee!"

Nesi akampiga umeme mara ya kwanza, haukushika. Nikapandisha stenti. Nilikuwa nikiiona mikono yangu ikifanya kazi, na imetulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba mikono inaweza kutulia wakati mwenyewe umekufa. Nesi akampiga tena. Mstari ukanyooka, ukasimama, kisha ukaanza kupanda na kushuka. Tukapanua. Mzee akasema "taratibu, taratibu, binti yangu," akamwaga dawa, na mshipa wote ukajaa mpaka kwenye ncha.

Nilitoka kabla hajafumbua macho vizuri. Nadhani. Nilikwenda chooni nikavua zile aproni, nikakaa sakafuni nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Nililiomba msamaha kwa sauti. Mhudumu wa usafi akagonga akauliza kama kuna mtu mgonjwa.

Mama anaamini nilikaa nyuma ya kioo. Niliapa. Usimwambie, nakuomba, moyo wake bado ni mchanga. Atakaa kwako mpaka nitakaposema.

Mwanao

*

29 Machi

Kwako Kifungo,

Mimi ni mzima. Napanda mlima wa sokoni mpaka juu, kikapu anabeba mama yako mdogo, analalamika. Taya kimya. Nimemwonea huruma jino langu.

Sasa nieleze. Umeniandikia barua mbili tangu nitoke huko, zote zimejaa vidonge, asubuhi hiki, jioni kile. Hujaandika neno juu ya chumba kile. Nilisubiri. Nimechoka kusubiri.

Nilipofumbua macho uliniinamia. Ulikuwa na barakoa na kofia, yalionekana macho tu. Unadhani nahitaji zaidi ya macho? Ulikuwa umesimama kwenye mashine ileile, karibu yangu, umevaa kama askari. Halafu ukatoweka. Nesi nilipomuuliza akajifanya hasomi midomo yangu. Tangu lini msikiaji anasoma midomo?

Uliniapia. Karatasi ninayo.

Sijui nikushukuru au nikuchape. Usiku mzima nageuka kitandani. Nausikia moyo ukipiga, ndicho kitu pekee ninachokisikia siku hizi, na kila ukipiga nawaza, huu umelipiwa na nani? Nilikuambia nikifa, nife. Nimeishi vya kutosha, nimeshona hadi sare za shule za watu ambao sasa wana wajukuu. Huyo hajaishi hata siku moja. Ikitokea kitu, mwanangu, nitaubebaje moyo huu?

Nijibu ukweli. Usiniletee habari za vidonge.

Mama

*

4 Aprili

Mama,

Niliingia. Ningeingia tena. Sikuombi msamaha kwa hilo, naomba msamaha kwa kukudanganya.

Kile kipimo cha mionzi ninachovaa ndani ya aproni kimesomwa. Wamesema kilichopita ni kidogo sana, chini kabisa ya kile kinachoruhusiwa. Mtaalamu alinieleza polepole, kwa upole, kwa maneno yaleyale ninayowaambia wengine, na mimi nikaitikia kwa kichwa na sikuamini hata neno moja.

Umetaka ukweli, chukua wote. Tangu juzi naona damu. Kidogo. Daktari wa akina mama amenilaza, amesema huenda isiwe kitu, haina uhusiano na chumba kile, na mtoto bado anacheza kwenye picha. Mkwe wako anakaa kando ya kitanda anajifanya anasoma gazeti. Gazeti ni la wiki iliyopita.

Kila nikienda chooni nafumba macho kwanza.

Ninawaambia watu kila siku, "tusubiri tuone". Sikujua kwamba ni neno la kikatili hivi.

Kifungo

*

7 Aprili

Mwanangu,

Barua imefika mchana, naijibu kondakta akinisubiri mlangoni.

Nilikuandikia maneno mabaya. Yafute. Uliingia kwa sababu ni mama yako, na mimi ningeingia kwa sababu ni wewe, na tungegombana vilevile. Sikuachii mzigo huo tena. Nimeuchukua.

Naja kesho. Usinikataze, daktari wa zahanati ameniruhusu, nina karatasi yake. Sitasema kitu wala kukupa moyo, sina maneno hayo. Nitakaa upande wa pili wa kitanda, mkwe wangu akalale. Ukienda chooni nitasimama mlangoni.

Mama

*

22 Agosti

Mama,

Najua uliondoka hapa wiki iliyopita tu, kuangalia nyumba, ukaniamuru nisifanye lolote mpaka urudi. Sikutii. Mjukuu wako pia hakutii.

Ni msichana. Amekuja mapema kidogo, mwembamba, ana hasira na kila mtu. Mkwe wako ameanguka chini alipomwona, wakamshonea nyusi. Ndiye mgonjwa pekee tuliyempata.

Daktari wa watoto alimlaza kwenye taulo akaanza kumsikiliza kifua. Alikaa hapo muda mrefu. Mama, nimewafanyia watu hivyo maisha yangu yote, nainama, nanyamaza, na wao wananitazama usoni. Sikuwahi kujua uso wangu unawafanya nini. Nilimwambia anipe kile kifaa nisikilize mwenyewe. Akakataa. "Leo wewe si daktari," akasema, "leo wewe ni mama. Subiri kama wengine."

Basi nikasubiri. Akainuka. Akasema moyo ni mzima.

Nikamwuliza mara ya pili. Akasema mzima. Nikamtuma mkwe wako na nyusi zake akaulize kivyake.

Sasa amelala juu ya kifua changu, na mimi silali, nahesabu anavyopumua. Wanasema hii itapita. Wewe ulinizaa, niambie, hupita lini?

Kifungo

*

23 Agosti

Kwako Kifungo,

Haipiti. Nipo njiani.

Mama yako